Jicho linapocheza: tusikimbilie matanga, tusimpuuze mgonjwa

Mtu akisema mbele ya wenzake, "Jicho linanicheza tangu jana," ni mara chache aulizwe habari za afya yake. Anaulizwa kwanza: la kuume au la kushoto? Kope la juu au la chini? Kisha maelezo yanaanza. Kope la juu, mgeni yuko njiani. La chini, utalia. Upande huu ni baraka, upande ule ni msiba. Na ukivuka mto mmoja tu unakuta watu wamegeuza maana: upande uliokuwa wa baraka kwa wale, kwa hawa ni wa matanga. Jambo hilo peke yake lingetosha kutufanya tuulize maswali kuhusu ishara hiyo.

Wakati wa amani maneno haya huwa ni mazungumzo ya kuchekesha kwenye mafiga. Lakini sisi wa Masisi na Walikale hatuyasikii hivyo. Mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari 2025, yakafika Walikale-centre mwezi wa Machi mwaka uleule, na miaka mingi kabla ya hapo watu wetu walikuwa wamekwisha kuzoea kulala na viatu miguuni. Mama ambaye mume wake alibaki ng'ambo ya mstari wa mapigano, hana simu wala habari zake, jicho likimcheza asubuhi hacheki. Anakaa chini. Anaacha chakula. Anaanza kulia mtu ambaye pengine wakati huohuo anapalilia muhogo wake salama. Wazee wa kanisa wanaotembelea familia wanajua jinsi hofu ya namna hii inavyomla mtu.

Kuna hatari ya pili, nayo ni kinyume cha hiyo. Kwa kuwa tumezoea kusema kwamba jicho kucheza ni mambo ya bahati au ya pepo, siku ambayo mtikisiko wa jicho ni alama ya ugonjwa wenye kuua hatuutambui. Tunamwombea mtoto usiku kucha nyumbani, na kituo cha afya kiko mwendo wa saa moja. Makala haya yameandikwa hasa kwa ajili ya mtoto huyo, lakini tuanze na yaliyo mepesi.

Ni kitu gani kinachocheza?

Kulizunguka jicho kuna msuli mwembamba wenye umbo la duara. Ndio unaofumba kope tunapolala, tunapokonyeza, na tunapokingwa na vumbi bila hata kufikiri. Msuli huo hupokea amri kutoka kwa mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita karibu na sikio, kisha unatawanyika usoni kama mizizi. Upande wa kuume una mshipa wake, na wa kushoto una wake.

Kwa kawaida amri zinakuja kwa utaratibu. Mwili ukichoka sana, nyuzi chache za mshipa huo huanza kutuma amri ndogondogo zisizoombwa na mtu, na vipande vidogo vya msuli vinajikunja na kujiachia mara nyingi mfululizo. Mwenyewe anasikia kope linatetemeka kama bawa la kipepeo aliyefungiwa ndani ya ngozi. Anadhani watu wote wanaona. Akijitazama kwenye kioo mara nyingi haoni kitu, au anaona mtikisiko mdogo sana. Unakuja, unaondoka, unarudi. Kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa majuma kadhaa. Mara nyingi ni jicho moja tu, na mara nyingi ni kope la chini. Jicho lenyewe linaona vizuri, haliumi, halina usaha.

Hali hiyo ndiyo ya watu wengi sana wanaosema jicho linawacheza. Haileti upofu na haigeuki kuwa ugonjwa wa ubongo. Upande wa kuume na wa kushoto ni sawa kabisa, kwa maana mishipa ni miwili na yote miwili huchoka. Na tazama jinsi hesabu ya ishara inavyotudanganya: katika nchi ambayo misiba ni mingi kama kwetu, jicho likikucheza majuma matatu, habari mbaya kutoka mahali fulani itakufikia katika majuma hayo, jicho lilicheze au lisilicheze. Siku ambazo jicho lilicheza na hakuna lililotokea hakuna anayezikumbuka.

Usingizi tulionyang'anywa

Linaloamsha mtikisiko huu kuliko yote ni kukosa usingizi. Hapo sina haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Familia inayolala chini ya turubai na watu kumi, baba anayekesha akisikiliza risasi ziko umbali gani, kijana anayechimba koltani usiku kule Rubaya na kupanda kilima tena asubuhi, mama wa Walikale anayetembea siku mbili msituni na mzigo mgongoni. Mwili hauwezi kukopeshwa usingizi bila kudai deni lake, na kope ni mahali pamoja linapodaiwa.

Pili ni wasiwasi wa moyo. Si kwamba mtu anajifanya. Hofu ya muda mrefu inaweka mishipa yote katika hali ya kusubiri, kama askari aliyewekwa zamu bila mtu wa kumpokea.

Tatu ni vile tunavyokunywa ili tushinde uchovu. Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri na imewasomesha watoto wengi, lakini vikombe vinne au vitano kwa siku kwa mtu asiyelala vinazidisha mtikisiko. Vilevile chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye chupa na makopo madogo, na sigara. Kasiksi na kanyanga zinaleta usingizi mbaya, usiopumzisha, na kesho yake jicho linaanza tena.

Nne ni jicho lenyewe kuchoshwa au kukasirishwa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Vumbi la barabara kwa dereva wa pikipiki asiye na miwani. Na jambo ambalo linapuuzwa mno makanisani: baada ya miaka 40 karibu kila mtu huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu. Mzee anasogeza Biblia mbali, anakaza macho chini ya taa ya simu, anasoma sura mbili na kope linaanza kutetemeka. Huyo anahitaji miwani ya kusomea, ile isiyo ghali inayouzwa hata sokoni, na muuguzi amsaidie kuchagua nguvu inayomfaa. Nimesikia mashemasi wakisema fulani ameacha kupenda Neno. Pengine fulani haoni herufi tu.

Dawa ya mtikisiko wa namna hii basi inajulikana: kulala, kupunguza kahawa, kuosha uso kwa maji safi, kuweka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika chache, kupumzisha macho na moshi. Hakuna sindano inayohitajika. Ninasema hivyo kwa sababu katika masoko ya machimbo kuna wanaouza sindano za vitamini kwa kila mtu ambaye kiungo chake kinatikisika. Mtu aliyekula sombe, maharagwe na matunda hana sababu ya kuuza kuku wake kwa ajili ya sindano hiyo.

Najua kumwambia mkimbizi "lala vizuri" kunaweza kuonekana kama dhihaka. Ndiyo maana hapa kanisa lina kazi. Tusome tena 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwacha alale, anamwamsha ale, anamwacha alale tena, anamlisha tena. Safari na maneno ya mlimani vinafuata baadaye. Makundi ya akina mama yanaweza kupokezana watoto ili mama mmoja apate saa nne za usingizi mchana. Vijana wanaweza kupanga zamu za usiku kambini ili wazee walale. Mkesha wa maombi ni mwema, lakini si lazima kumwalika kila juma mama anayenyonyesha, aliyekesha tayari siku sita.

Na kuhusu bahati na ishara, Kumbukumbu la Torati 18 inawakataza watu wa Mungu kutafuta habari za kesho kwa kubashiri. Muumini hana haja ya kuombea "jicho la kushoto" kana kwamba lina ujumbe. Aombe kwa ajili ya mume aliye mbali, hilo ndilo lililo moyoni mwake.

Mtoto mwenye homa

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila ibada, hata kama mengine yote yataachwa.

Mtoto mdogo mwenye homa, ambaye kope lake au pembe ya mdomo wake inatikisika bila kukoma, au macho yake yanasukumwa upande mmoja na kubaki huko, au mboni zinacheza huku na huku naye haitikii akiitwa, huyo hachezwi na jicho. Huenda yuko katika degedege, na huenda malaria imefika kwenye ubongo.

Sisi tunajua degedege ile kubwa: mwili mzima unakakamaa, mikono na miguu inarushwa, povu linatoka. Hiyo hakuna mama asiyeikimbilia. Lakini kuna degedege iliyojificha. Madaktari waliofanya kazi na watoto wenye malaria ya ubongo huko Kilifi, pwani ya Kenya, walionyesha katika miaka ya 1990, kwa kupima umeme wa ubongo, kwamba watoto wengine walioonekana wametulia tu wakiwa hawana fahamu, walikuwa ndani ya degedege wakati ule. Dalili ya nje ilikuwa ndogo sana: kope linapepesa, macho yamekwenda upande, mdomo unatikisika, kidole kinachezacheza, mate yanatoka, pumzi haiendi sawasawa. Mzazi anasema mtoto amelala, kumbe ubongo unaungua.

Nini cha kufanya? Mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimmwagie maji usoni, usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu. Tazama saa, kwa maana muuguzi atauliza ilianza lini. Degedege inayopita dakika tano ni ya hatari kubwa. Na muondoke. Muombe mkiwa njiani. Akiwa macho na anaweza kumeza, anyonye au apewe maji yenye sukari, kwa sababu malaria kali hushusha sukari ya mwili, na sukari ikishuka nayo huleta degedege.

Katika kituo cha afya watapima malaria kwa tone la damu. Ikiwa ni malaria kali, dawa ni artesunate ya sindano. Mahali ambapo hospitali iko mbali, kuna artesunate ya kuwekwa kwa njia ya haja kubwa kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, ili awe na dawa mwilini wakati anapobebwa kwenda kwenye sindano. Dawa hiyo ni ya kuanzia tu. Mtoto akionekana ameamka baada yake, msirudi nyumbani, endeleeni hadi hospitali. Na si kila degedege ni malaria: homa ya uti wa mgongo pia huanza hivyo, nayo ina matibabu mengine. Kwa hiyo mtoto ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu bado ni mgonjwa wa dharura.

Jumapili moja mchungaji akisema haya kwa lugha ya Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda cha pale kijijini, kwa maneno yale ambayo bibi wa mtoto anayaelewa, atakuwa amefanya kazi kubwa. Mara nyingi ni bibi anayeamua kama safari itafanyika usiku au itasubiri asubuhi.

Dawa ya kutapika inayogeuza macho

Kuna kisa kingine kinacholetwa mara nyingi kwenye vyumba vya maombi. Kijana au mtoto ambaye jana alikuwa mzima, au alikuwa na tumbo tu, leo macho yake yamepanda juu na hayashuki. Shingo imejipinda, ulimi unatoka au taya limevutwa upande, na mgonjwa anasikia kila kitu, analia kwa hofu. Watu wanasema amevamiwa.

Kabla ya yote uliza: amekunywa dawa gani jana na juzi? Metoclopramide, inayojulikana sana kwetu kwa jina la Primperan, inauzwa katika kila farmasi ndogo kwa ajili ya kutapika. Kwa watu wengine, hasa watoto na vijana, na hasa kipimo kikizidi, dawa hii huvuruga sehemu ya ubongo inayotawala misuli, na misuli ya macho na shingo inakakamaa hivyo. Mwaka 2013 shirika la Ulaya linalosimamia dawa lilitoa maagizo kwamba isitumiwe kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, na kwa wengine isizidi siku tano. Dawa kadhaa zinazotumiwa kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidol, zinaweza kuleta hali ileile.

Habari njema ni kwamba hali hiyo ina dawa yake ya sindano, na mara nyingi mgonjwa anarudi sawa katika muda mfupi baada ya kuchomwa. Chukueni pakiti ya dawa aliyokunywa mwende nayo hospitali. Na taya likiwa limefungwa kabisa, hasa kwa mtu mwenye kidonda au kwa mtoto mchanga, msiseme ni Primperan tu. Pepopunda nayo hufunga taya, na hiyo haingoji.

Fikiri mtoto wa miaka saba ambaye shida yake ni kidonge kisichofaa, naye anaambiwa mbele ya kanisa zima kwamba ana roho mchafu, au kwamba nyanya yake amemloga. Kidonge kitatoka mwilini kesho. Neno lile halitatoka, na nyanya anaweza kufukuzwa kijijini kwa ajili yake. Ninaamini katika maombi ya kuwekea mikono, nayo haizuiwi na kuuliza kwanza habari ya dawa. Luka, ambaye Paulo anamtaja katika Wakolosai kama tabibu mpendwa, angeuliza.

Mtikisiko usioondoka

Kwa watu wazima kuna hali chache ambazo si za kukimbilia usiku, lakini zinahitaji daktari.

Kuna mtu ambaye mtikisiko ulianza kwenye jicho, ukashuka polepole kwa miezi hadi shavuni na mdomoni, daima upande uleule. Mara nyingi mshipa wa damu umegusa ule mshipa wa fahamu wa uso karibu na ubongo. Kuna mwingine, mara nyingi mwanamke aliyepita miaka 50, ambaye macho yote mawili yanajifumba kwa nguvu, hasa mwangani, hata anaanguka njiani ingawa mboni ni nzima. Watu wanadhani anakonyeza watu au anajidai kipofu. Wote wawili wanaweza kusaidiwa na sindano ndogo za dawa iitwayo botulini, zinazorudiwa kila baada ya miezi michache. Kwetu si rahisi kuzipata, na ni ghali. Lakini kujua kwamba ni ugonjwa wenye jina humwondolea mama huyo aibu.

Tofautisha na uso unaolegea. Upande mmoja wa uso ukishuka ghafla, jicho lisifumbe, mdomo upinde, huenda ni mshipa wa uso uliovimba, na huenda ni kiharusi. Mkono au mguu ukilegea pamoja nao, au maneno yakipotea, ni kiharusi, ni dharura. Ikiwa ni uso tu, bado aonwe mapema, na jicho lisilofumba likingwe lisikauke, lifungwe kwa upole wakati wa kulala.

Mboni yenyewe kucheza ni jambo jingine tena. Kope limetulia, ila mpira wa jicho unakwenda huku na huku. Mtoto aliyezaliwa hivyo apelekwe kuonwa mapema sana, hasa kama katikati ya jicho kuna weupe. Huenda ana mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na upasuaji unaochelewa miaka unakuta ubongo haujajifunza kuona. Kwa mtu mzima ambaye mboni zimeanza kucheza karibuni na ardhi inatikisika mbele yake, sababu ni nyingi, kuanzia sikio la ndani hadi ubongo, na pombe. Anayetumia dawa za kifafa arudi kwa daktari apimiwe upya, kwa sababu kipimo kikubwa mno cha dawa hizo huchezesha mboni. Asiziache mwenyewe. Kuacha dawa ya kifafa kwa ghafla, hata baada ya ushuhuda mzuri wa uponyaji, huleta degedege mfululizo ambazo zimewaua wengi. Yesu alipowaponya wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Aliyeponywa kifafa naye akajionyeshe kwa daktari, daktari ndiye apunguze dawa kidogo kidogo.

Wanaokaa kando ya mito

Kwa ndugu zetu wa Walikale nina neno la ziada, na linawahusu pia wa mabonde ya Masisi. Nzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yanayokwenda kasi huambukiza usubi. Walikale ni nchi ya mito, Lowa na Oso ikiwa miwili tu kati ya mingi. Vijidudu vya usubi hutembea ndani ya ngozi, huleta mwasho usioisha, uvimbe mgumu chini ya ngozi, na vikiingia kwenye macho huleta mwasho, machozi, kupepesa kope mara kwa mara, na baada ya miaka, upofu. Mwasho huo watu wengine nao huuita jicho kucheza.

Dawa yake ni ivermectin, ile ya Mectizan, ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Masisi na Walikale ziliwekwa pamoja kuwa eneo moja la mpango wa kugawa dawa hiyo kupitia jamii zenyewe, na wagawaji wengi ni waumini wetu. Inaua vijidudu vichanga, lakini mnyoo mkubwa anaweza kuishi ndani ya mwili zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi. Ni kila mwaka, kwa miaka mingi. Kijiji kilichokimbia vita na kuruka ugawaji miaka miwili kimeupa usubi nafasi. Na si macho tu: watafiti waliofanya kazi Ituri wamekuta kifafa kingi kwa watoto mahali ambapo usubi ni mwingi na dawa haifiki.

Onyo moja. Katika misitu ya Afrika ya Kati, hata kaskazini-mashariki ya Kongo, kuna mnyoo mwingine uitwao loa. Huyu huonekana kabisa akipita chini ya ngozi nyembamba ya weupe wa jicho, kama uzi unaotembea. Mtu anasikia kitu kinajongea ndani ya jicho, na kweli kinajongea. Anatisha, lakini hapofushi. Shida ni kwamba mtu mwenye vijidudu vya loa vingi sana katika damu akimeza ivermectin anaweza kudhurika vibaya kwenye ubongo. Basi aliyewahi kuona mnyoo jichoni mwake, au aliyefika kutoka misitu ambako wengi wamemwona, amwambie mgawaji kabla ya kumeza. Wengine wote wameze bila hofu, isipokuwa wale ambao mgawaji mwenyewe huwaacha: wajawazito, watoto wadogo sana, na waliolala na ugonjwa mkali.

Mambo ya kushika mkononi

Msitie kitu jichoni. Maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama, matone yaliyobaki ya jirani, yote yameharibu macho ambayo yalikuwa yanacheza tu. Yako matone ya sokoni yenye dawa kali ya kupunguza wekundu. Yanaleta nafuu juma moja, na yakitumiwa ovyo hupandisha shinikizo ndani ya jicho au kuacha kidonda kikue hadi kioo cha jicho kitoboke.

Mtikisiko wa kope moja, bila maumivu wala homa, mpe majuma matatu ya kulala na kupunguza kahawa. Ukiendelea, au ukigusa shavu, au kope likishuka na kufunika mboni, au mtu akianza kuona vitu viwiliviwili, aende. Ikiwa kuna mwenye simu ya kuchukua picha za kutembea, amrekodi wakati jicho linacheza, hata kwa nusu dakika, maana mara nyingi linatulia palepale mgonjwa anapofika mbele ya daktari. Mwandikeni kwenye karatasi: ilianza lini, jicho lipi, dawa gani alikunywa, analala saa ngapi.

Kituo cha afya cha karibu ndicho cha kwanza, kisha hospitali kuu ya rufaa. Kwa wanaoweza kufika Goma, HEAL Africa ina huduma ya macho. Njia ya kutoka Walikale kupitia Sake haipitiki kila juma, na waliokwama wamwombe muuguzi wa eneo lao azungumze na daktari kwa simu kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya safari. Kanisa lenye sanduku la diakonia liandike mapema ni nani atakayempa nauli mama mwenye mtoto wa degedege saa nane usiku, na pikipiki ya nani itaamshwa.